Niachieni Chai Yangu Ile Ile

Hebu niseme kitu ambacho najua kitafanya wengine wenu mnicheke: mimi nakunywa chai ile ile kila asubuhi na sina mpango wa kubadilisha. Maji nusu, maziwa nusu, majani vijiko viwili, tangawizi kama ipo, sukari kijiko kimoja na nusu. Naiacha ipande kwa sufuria mara tatu, mara ya tatu ndiyo nazima. Si kwamba sijaonja vitu vingine. Nimeonja. Nimekunywa kapuchino yenye moyo umechorwa juu. Nimekunywa kahawa baridi ya rangi ya tope iliyonimalizia nauli ya siku mbili. Nimekunywa hata ile chai ya zambarau, ile mmea wake ulitolewa na watafiti wetu hapa Kenya mwaka 2011, na ni poa, sikatai, lakini ukiitia maziwa ile rangi yote iliyokufanya uinunue inapotea. Asubuhi ikifika narudi kwa sufuria yangu.

Hapo ndipo watu huanza. "Yaani huchoki?" "Wewe umezeeka mapema." Siku hizi mitandaoni ukisema unapenda kitu kimoja unaonekana mtu ambaye hajatembea. Kila wiki kuna kinywaji kipya cha kujaribu na kila msee ana video ya kukijaribu. Mimi pia ninazo, siwezi kujifanya, hiyo ndiyo kazi yangu. Nimewahi kulipwa kunywa kitu mbele ya kamera na kutoa macho kama nimeona malaika. Lakini hiyo ni kazi. Asubuhi ni yangu.

Sasa mtu ninayebishana naye zaidi juu ya hii maneno analala hatua tatu kutoka kitanda changu. Ni ndugu yangu mdogo. Alimaliza kidato cha nne, akaja kukaa kwangu akisubiri chuo, na kwa wiki mbili tu rafu yangu ya jikoni ilikuwa imegeuka duka. Kuna chai ya kijani. Kuna maua mekundu makavu ya kuchemsha. Kuna mchaichai, kuna kakao, kuna pakiti tatu za kahawa ambazo zote zimefunguliwa na hakuna hata moja imeisha. Akiamka anasimama mbele ya hiyo rafu kama mtu anachagua viatu vya harusi. Mimi naye nishakunywa, nishaosha kikombe, nishaondoka.

Yeye anasema mimi ni mvivu wa kufikiria. Kwamba ukirudia kitu kila siku unaacha kukionja. Hilo la pili nimelifikiria sana kwa sababu ndilo watu wengi huamini, na mimi naona ni kinyume kabisa.

Karibu na stage yetu kuna kibanda. Mathe wa pale akiniona tu navuka barabara ashamimina, hatuongei hata. Shilingi 20 chai, 10 ndazi. Desemba iliyopita alienda ushago wiki mbili, akamwachia mpwa wake kazi. Majani yale yale, maziwa ya muuzaji yule yule, sufuria ile ile. Siku ya kwanza wateja wote tulikuwa tunainua vikombe tunaangalia ndani kama tumeangusha kitu. Hakuna aliyekuwa na uhakika shida ni nini. Mwingine akasema ni maziwa yameongezwa maji, mwingine akasema ni tangawizi. Dereva mmoja wa mat ndiye aliyejua: kijana alikuwa anatia majani baada ya maziwa kuchemka badala ya kuyaanza na maji. Huyo dereva amekunywa hiyo chai miaka sijui mingapi. Usiniambie haionji.

Halafu kuna kitu kingine nilikuja kujua nikiwa Mombasa kwa attachment mwaka 2024. Mombasa ndiko mnada mkubwa wa chai hufanyika kila wiki, na si chai yetu peke yake, kuna ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania. Kabla ya mtu kununua, kuna watu kazi yao ni kuonja. Vikombe vinapangwa kwa mstari mrefu, msee anapita na kijiko, anavuta kwa sauti kubwa, anatema, anasonga kwa kingine. Mamia ya vikombe. Nilidhani wanatafuta tu chai tamu kuliko zote. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kutafuta chai itakayofanya pakiti ya mwezi huu ionje kama ya mwezi uliopita.

Kwa sababu chai haikai mahali pamoja. Ya wakati wa mvua, majani yakikimbia, si sawa na ya wakati wa baridi au kiangazi yakikua pole pole. Ya kiwanda cha juu mlimani si ya kiwanda cha chini. Ukiiacha ijiendee, pakiti ya Aprili haitafanana na ya Agosti, na mathe wako atarudi dukani kulalamika. Kwa hivyo wanachanganya. Wanachukua kidogo hapa kwa ajili ya rangi, kidogo pale kwa ajili ya nguvu, wanabadilisha mchanganyiko kila wakati ili wewe usijue kuna kitu kimebadilika. Hebu fikiria hapo. Ile ladha moja ya kuchosha ambayo ndugu yangu anaicheka ina mashamba mengi ndani, na mtu aliyetema siku nzima ili wewe uipate.

Nikiwa bado Mombasa: Mji wa Kale jioni. Kama hujaenda, nenda. Muuzaji ana dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe ni vidogo vya kauri, anavigonganisha mkononi unavisikia kabla hujamwona. Kahawa chungu, haina maziwa, haina sukari. Ukitaka utamu unauma kashata au tende pembeni. Mimi mtoto wa bara mara ya kwanza niliomba sukari na wazee wakaniangalia tu kwa huruma. Baada ya wiki moja nilikuwa nasema "Ami, nitilie," kama mwenyeji. Pale barazani watu ni wale wale, saa ni ile ile, kahawa ile ile, na hakuna mtu ana uso wa kuchoka. Kinachobadilika ni maneno. Leo ni bei ya samaki, kesho ni siasa, kesho kutwa ni nani ameoa. Kama kila mtu angekuwa anajadili kikombe chake kina nini, hayo mazungumzo yangeanza saa ngapi?

Basi hizo ndizo hoja zangu za mezani, na ni nzuri, mnaweza kuziiba. Lakini sababu yangu ya kweli si hiyo.

Mwaka 2020 corona ikaingia. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi buda kikapunguza watu, naye akawa kati yao. Nilikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, tuko wote wanne kwa nyumba ya vyumba viwili Eastlands. Mathe ni fundi wa nguo, na mwaka huo nani alikuwa anashona nguo ya kwenda wapi?

Mimi niliona shida yetu kupitia chai kabla mtu yeyote hajaniambia. Pakiti ya maziwa iliyokuwa inatosha asubuhi ikaanza kutosha asubuhi na jioni. Kisha ikatosha siku mbili. Chai ikawa inabadilika rangi kidogo kidogo, kutoka rangi ya mchanga hadi rangi ya tofali, na asubuhi moja ikawa strungi kabisa. Kama umelelewa kwa nyumba kama yetu unajua hiyo ni habari. Kwetu Kenya strungi ina maana mbili, kuna ya kupenda na kuna ya kukosa, na zote mbili zinaonekana sawa kwa kikombe.

Sasa sikilizeni mathe alifanya nini. Hakusema hata siku moja kwamba maziwa hakuna. Asubuhi ya kwanza ya strungi alisema, "Leo ni chai ya ndimu." Ya pili, "Leo ni mchaichai," ameukata kwa ua la jirani. Ikaja tangawizi na pilipili manga, hiyo alisema ni ya kufukuza corona, na wakati huo nani angebisha? Alikuwa anatangaza kama mhudumu wa hoteli kubwa, na kitambaa begani. Kuna siku majani yenyewe yaliisha. Akachukua sukari kidogo iliyobaki, akaichoma kwa sufuria mpaka ikawa kahawia na ikaanza kunuka tamu, akamimina maji yakalia shaa! Akatuletea mezani. "Hii," akasema, "inaitwa karameli."

Buda hiyo miezi alikuwa anatoka kabla ya chai. Kila siku alikuwa na mahali anawahi. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuhesabu vikombe, na nilijua kwa nini anawahi.

Hivyo ndivyo chai ilivyokuwa kwetu karibu mwaka mzima: kila siku tofauti. Hakuna mtu duniani amewahi kunywa aina nyingi kama mimi mwaka 2020. Na buda alipopata kazi tena, kwa kampuni nyingine, kazi ndogo kuliko ya kwanza, mathe alipika chai ya maziwa Jumatatu. Nikasema sawa, ni siku ya sherehe. Akapika tena Jumanne. Jumatano. Ilikuwa Alhamisi ndiyo nikaamini. Ile siku ya nne, chai ya rangi ya mchanga, sawasawa na ya jana, hakuna jina la kutangazwa. Mpaka leo nikiamka nikipata maziwa kwa friji ya jirani ninayochangia umeme, kuna kitu mwilini kinakaa chini.

Kwa hivyo mtu akiniambia "jaribu kitu kipya" huwa nataka kumuuliza: kwako upya ulikuja kwa mlango gani? Kama ulikuja kama zawadi, fiti, ufurahie. Kuna sisi ambao ulikuja ukibisha hodi badala ya maziwa.

Nilikuwa na hiyo hotuba tayari kwa ndugu yangu. Niliitunza muda mrefu. Mwezi uliopita nikampeleka mkahawa mmoja mjini, zile za viti laini, nimelipwa kazi fulani nikasema leo tujibambe. Akafungua menyu kurasa zote. Akachagua kahawa ya karameli. Shilingi 400. Nikiangalia hiyo bei nilipiga hesabu ya vibanda: chai na ndazi za karibu wiki mbili, glasi moja. Ikaja. Akaonja, akafunga macho, akaniambia, "Hii haifiki ile ya mathe."

Nikamuuliza ya mathe gani.

"Ile ya sukari. Wakati wa corona. Huo ndio wakati chai ilikuwa tamu zaidi kwetu, si ndio? Kila siku nilikuwa naamka najiuliza leo ni nini."

Manze, nilikaa kimya. Huyu alikuwa na miaka 12. Jikoni moja, meza moja, mama mmoja, na mimi nilitoka pale nikitaka kitu kimoja kisichosonga, yeye akatoka na hamu ya kila kitu. Ile rafu yote kwangu, yale maua mekundu na zile pakiti tatu, anajaribu kurudi mahali ambapo mimi nakimbia.

Nikafikiria kumwambia. Kuhusu maziwa, kuhusu buda na zile safari zake za asubuhi. Nikaanza hata, nikasema, "Unajua wakati ule mathe alikuwa..."

Akanikata. "Najua. Kwani sikuwa hapo? Nilikuwa namwona akikata mchaichai wa wenyewe." Akavuta ile kahawa yake na mrija. "Najua hatukuwa na kitu. Lakini ilikuwa tamu."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Sijabadilisha msimamo, msinielewe vibaya, kesho yake nilikunywa chai yangu ile ile. Lakini nimeacha kumwambia apunguze hiyo rafu.

Kitu kilichobaki kunisumbua ni mathe mwenyewe. Alijifunza wapi kunyoosha kitu hivyo? Nikaanza kufikiria kwao Kirinyaga. Shosho alikuwa na miti ya kahawa. Kahawa kwa shosho ilikuwa kazi, haikuwa kinywaji: unachuma zile nyekundu, unachagua, unabeba gunia mpaka fakitori ya ushirika, inapimwa, inatolewa ganda, inaoshwa, inaanikwa juu ya meza ndefu za waya. Na inaenda. Zile bora zinaitwa AA, na hiyo AA hata si ladha, ni ukubwa wa punje ukipita kwa chekecheo. Kahawa imekuwa nchi hii tangu wamishonari walipoipanda Bura kule Taita mwaka 1893, kwa miaka mingi mkoloni akazuia Waafrika wengi kuilima, na hata baada ya milango kufunguka miaka ya 1950, mkulima aliuza kahawa akarudi nyumbani kunywa chai. Mathe ananiambia hakuwahi kuona kahawa ikipikwa kwao utotoni. Hata kujua inanukaje ikikaangwa alijulia Nairobi.

Na pesa yake ilikuwa inakuja kama mvua ya jangwani. Unapeleka kahawa mwaka huu, malipo makubwa unayangoja miezi na miezi, na hujui yatakuwa mangapi. Majirani wa juu karibu na msitu, wenye chai, walikuwa wanalipwa kila mwezi, kidogo lakini kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Mathe anasema ukiwa mtoto ungejua nyumba ya chai na nyumba ya kahawa kwa kuangalia kama kuna sukari mezani katikati ya mwaka. Wao walikuwa nyumba ya kahawa. Kwa hivyo ilipofika 2020 yeye alikuwa tayari fundi wa hayo mambo, sisi ndio tulikuwa wanafunzi.

Nilimpigia simu wiki iliyopita nimuulize swali ambalo, nikifikiria, sijawahi kumuuliza maisha yangu yote. Nikasema, "Mathe, wewe unapenda chai gani? Ya kila siku ile ile ama kubadilisha badilisha?" Nilitaka kura yake, si mnajua. Ndugu yangu alikuwa ameegemea karibu na simu akisikiliza, naye anataka yake.

Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mimi napenda ile sijapika."

Tukaangaliana na ndugu yangu. Miaka hiyo yote hakuna mtu kati yetu aliyewahi kumpikia. Buda ndiyo kabisa. Hata hatujui anatia sukari vijiko vingapi, kwa sababu huwa anajitilia mwisho, kile kinachobaki kwa sufuria, akiwa amesimama.

Anakuja Jumamosi. Nimenunua maziwa pakiti mbili, ndugu yangu ametafuta mchaichai mpaka akaupata Wakulima Market na sasa uko kwa glasi ya maji dirishani kama maua. Anasema atamchomea sukari pia. Mimi nasema hapana, hiyo kitu hatarudishiwa kwa nyumba yangu. Yeye anasema nimuulize mathe kwanza. Meko ni moja, na mpaka sasa hivi ninapoandika hii hatujakubaliana nani anaamka mapema.